Ugumba kwa wanandoa: maswali tunayoulizwa kila wiki kliniki

Mimi ni muuguzi mkunga, nafanya kazi kwenye kliniki ya magonjwa ya wanawake Dar es Salaam. Maswali haya mengine huulizwa kwa sauti. Mengine mtu huyatoa akiwa ameshashika kitasa cha mlango, anaaga. Hayo ya mlangoni ndiyo huwa yenyewe, na mengi ya hapa chini ni ya aina hiyo.

Tumeoana miezi minane na mimba haijashika. Tayari sisi ni wagumba?

Bado. Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba pale wawili wanapokutana kimwili mara kwa mara, bila kinga wala uzazi wa mpango, kwa miezi 12, na mimba isitunge. Katika kila wanandoa 100 wanaojaribu hivyo, takriban 84 hupata ujauzito ndani ya mwaka mmoja, na wakiendelea hadi mwaka wa pili hufika kama 92. Kwa hiyo miezi minane bado ni kawaida.

Angalieni lakini hayo maneno "mara kwa mara", maana yake ni kila baada ya siku mbili au tatu. Mume akiwa mgodini Geita na kurudi kila baada ya wiki sita, au akiwa dereva wa lori anayekaa foleni ya Tunduma kuliko anavyokaa nyumbani, hesabu ya miezi 12 haianzi siku ya harusi. Tumewahi kupiga hesabu na wanandoa wa "miaka mitatu ya kutafuta mtoto", tukakuta wamekutana siku zinazofaa mara nne tu.

Wapo wasiotakiwa kusubiri mwaka. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 asubiri miezi sita, na wa miaka 40 aje mara tu anapoamua anataka mtoto. Vivyo hivyo mwenye hedhi inayoruka miezi, aliyewahi kuugua PID (maambukizi ya kizazi na mirija), aliyepasuliwa tumbo la chini, aliyewahi kutunga mimba nje ya kizazi, na mwanaume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni.

Mimi nina mtoto wa miaka saba. Inawezekanaje niwe mgumba?

Inawezekana, na kwetu Afrika ni jambo la kawaida sana. Huu huitwa ugumba wa pili: mimba ilishawahi kushika, kisha njia ikafungwa. Mara nyingi kilichoifunga kilipita kimyakimya, kama maambukizi baada ya kujifungua, mimba iliyotolewa kwa njia isiyo salama, au klamidia na kisonono ambavyo havikutibiwa. Klamidia ina hila, kwani wanawake wengi walio nayo hawasikii maumivu wala hawaoni uchafu. Miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipopima wanandoa wa nchi nyingi kwa utaratibu mmoja, ugumba uliohusiana na maambukizi ulionekana kwa kama asilimia 85 ya wanawake wa Afrika waliochunguzwa, wakati kwa dunia nzima ulikuwa theluthi moja hivi.

Takwimu hizo ni za zamani, ila kila ninapoona picha za mirija nazikumbuka.

Mwenye tatizo huwa nani?

Kwa karibu nusu ya wanandoa wenye shida hii, mwanaume ana mchango wake, ama peke yake ama pamoja na mke. Lakini sikiliza lugha yetu inavyohukumu: neno "tasa" linatafuta mwanamke hata kabla kipimo hakijafanyika. Anayetumwa kliniki ni mke, anayekunywa mizizi ni mke, anayetishiwa kuletewa mwenzake ni mke. Nimepokea mafaili ya wanawake waliokwisha kupigwa altrasaundi sita, wakapewa dozi za PID hazihesabiki, wengine wamepasuliwa, na humo ndani hakuna karatasi hata moja yenye jina la mume.

Kwa maoni yangu hapo ndipo miaka mingi ya watu inapopotelea. Kipimo cha mbegu za mwanaume ni cha bei nafuu kuliko karibu vyote vinavyomsubiri mke. Hakina sindano, hakina kisu, majibu hutoka siku hiyohiyo au kesho yake. Ningekuwa na amri, kingefanyika kabla ya mwanamke hajapanda kitandani kupigwa picha ya mirija.

Mume wangu ana nguvu za kutosha, tena ana mtoto wa nje. Apimwe nini?

Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jingine. Mwanaume anaweza kusimama vizuri, akatoa manii mengi mazito, na ndani yake isionekane mbegu hata moja, kwa sababu sehemu kubwa ya majimaji yale hutengenezwa na tezi nyingine, siyo korodani. Kwa macho huwezi kujua.

Na yule mtoto wa nje? Kama ana miaka tisa, anathibitisha mbegu za miaka tisa iliyopita. Katikati hapo baba huenda ameugua kisonono, ameanza kuvuta sigara, amepata kisukari, au mishipa ya korodani imevimba. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kipimo cha leo kinaeleza afya yake ya robo mwaka uliopita tu.

Mama, usimwambie "nenda ukapimwe." Mwambie "twende tukapimwe." Nimeona herufi hizo mbili zikifanya kazi iliyowashinda mashemeji.

Kipimo chenyewe kinafanyikaje?

Asitoe manii kwa siku mbili hadi saba kabla ya kipimo. Zikizidi saba mbegu huchoka, kwa hiyo kujizuia mwezi mzima "ili zijae" ni kujidanganya. Anatoa mwenyewe kwa mkono kwenye chupa safi ya maabara, bila mate, mafuta wala sabuni. Kondomu za kawaida hazifai kukusanyia kwa sababu nyingi zina vilainishi vinavyodhuru mbegu. Akitolea nyumbani, chupa ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imefichwa karibu na mwili ipate joto. Isiwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na soda baridi, na nayasema haya kwa sababu yametokea.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, kiwango cha chini kinachokubalika ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, angalau asilimia 42 zikitembea, na asilimia 4 zenye umbo zuri. Ndiyo, asilimia nne tu. Wanaume wengi wakisoma "umbo zuri 5%" huondoka vichwa chini wakati majibu yao ni ya kawaida. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla hamjaamini chochote, maana hata malaria kali au homa ya mwezi uliopita huyashusha.

Ni nini kinaharibu mbegu?

Joto ni la kwanza. Korodani zimening'inia nje kwa sababu zinahitaji kuwa na baridi kuliko mwili kwa nyuzi mbili hadi nne. Kisha sigara, pombe nyingi, unene uliopitiliza, kisonono na klamidia zilizoziba njia, matubwitubwi yakimpata mtu baada ya kubalehe, na mishipa ya damu ya korodani iliyovimba kama minyoo, ambayo daktari huigundua kwa kumshika tu mgonjwa akiwa amesimama.

La siku hizi ni la gym. Vijana wanachomwa testosteroni wapate kifua. Homoni hiyo ikija kutoka nje, ubongo huona imeshatosha na kuziamuru korodani zipumzike, uzalishaji wa mbegu unashuka, wakati mwingine hadi sifuri. Kwa wengi hurudi wakiacha, ila huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Inasikitisha zaidi pale anayeuziwa sindano hiyo ni mtu mwenye mbegu chache, akiambiwa ni "dawa ya uzazi".

Na kwa mwanamke?

Kwa mazingira yetu nitaanza na mirija, kwa sababu nilizokwisha kutaja. Mrija wa uzazi ni mwembamba, na ndani una vinyweleo vinavyosukuma yai. Maambukizi yakipanda kutoka chini huacha kovu, wakati mwingine mrija unajaa maji mwishoni kama puto. Maambukizi yenyewe si ya zinaa peke yake. Kifua kikuu hushuka hadi kwenye kizazi bila mtu kukohoa. Kichocho nacho, kwa waliokulia kando ya Ziwa Victoria, Pwani, Unguja na Pemba wakioga na kuchota maji yenye konokono, kinaweza kuweka mayai kwenye kizazi na mirija. Kama ulikojoa damu utotoni, mwambie daktari. Hilo halimo kwenye fomu nyingi.

Kuna mayai kutopevuka. Dalili yake kubwa ni hedhi inayokuja ikijisikia, mara siku 40, mara miezi mitatu. Mara nyingi chanzo ni ovari zenye vifuko vingi, hali inayowapata wanawake kama 8 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, ikiambatana na chunusi, ndevu kidogo au uzito. Tezi ya shingo ikivurugika, au homoni ya maziwa ikipanda, mayai nayo husimama. Mwanamke asiyenyonyesha akitoa maziwa, apime homoni hiyo, prolaktini, badala ya kwenda kuombewa tu.

Fibroidi, zile nyama ambazo watu huziita uvimbe kwenye kizazi, zinategemea zimekaa wapi. Inayosukuma ndani ya nyumba ya mtoto inazuia mimba hata ikiwa ndogo. Iliyoning'inia nje inaweza kuwa kubwa kama embe na isiwe na kesi. Basi ukiambiwa "una uvimbe", swali lako la kwanza liwe "umekaa upande gani?", ukubwa ufuate baadaye. Mwenye maumivu ya hedhi yanayomlaza kila mwezi naye achunguzwe endometriosisi, yaani utando kama wa ndani ya kizazi kuota nje yake, ugonjwa unaompata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi. Kuambiwa "ukizaa yataisha" hakumsaidii asiyeshika mimba.

Mwisho ni umri. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na hayaongezwi. Baada ya miaka 35 idadi na ubora hushuka kwa kasi, hata kama sura inaonekana ya miaka 25.

Nimepigwa picha nikaambiwa mirija imeziba. Kuna dawa ya kuizibua?

Picha hiyo, tunayoiita HSG, hupigwa siku ya 7 hadi ya 10 tangu hedhi ianze. Dawa inayoonekana kwenye eksirei inapitishwa mlango wa kizazi, tunaangalia kama inamwagika upande wa pili. Inauma kama hedhi kali kwa dakika chache, kwa hiyo omba dawa ya maumivu kabla. Wakati mwingine mrija hujikunja kwa maumivu ukaonekana umeziba wakati ni mzima, ndiyo maana daktari anaweza kutaka kuhakikisha kwa laparoskopi, yaani kamera ndogo inayoingizwa tumboni kwa tundu dogo.

Sasa dawa. Antibayotiki huua vijidudu, lakini kovu halinywi dawa. Hakuna kidonge, chai, majani wala mafuta ya kupaka yanayoyeyusha kovu la mrija, hata mwenye tangazo akiapa kwa siku 21. Vile vifurushi vya kuingiza ukeni "kusafisha kizazi" vinatoa utando na uchafu ambao vyenyewe ndivyo vimeusababisha, na kuunguza sehemu iliyokuwa nzima. Shabu nayo ni hivyohivyo. Njia zilizopo ni upasuaji, kwa baadhi ya miziba, au kuuruka mrija kabisa kwa IVF, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara. Mrija uliojaa maji kwa kawaida huondolewa au kufungwa kabla ya IVF, kwa sababu maji yale yakirudi ndani ya kizazi hupunguza sana uwezekano wa mimba kukaa.

Baada ya tendo mbegu zote zinamwagika nje. Ndiyo sababu?

Hapana. Zinazohitajika huwa zimeshaingia ndani ya dakika chache, kinachomwagika ni majimaji. Miguu ukutani haina shida, ila haina faida.

Kizazi changu kimeinama nyuma.

Cha mwanamke mmoja kati ya watano kiko hivyo. Si ugonjwa.

Makundi yetu ya damu hayapatani?

Kundi la damu halizuii mimba kutunga. Kama mama ni hasi na baba ni chanya, kuna sindano ya kumkinga mtoto atakayefuata. Hilo ni la kliniki ya wajawazito.

Nilitumia sindano za uzazi wa mpango. Zimeniharibu?

Hazikuharibu, zimekuchelewesha. Baada ya sindano ya miezi mitatu, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi tisa, kumi au zaidi kurudi tangu uchome ya mwisho. Kijiti na kitanzi vikitolewa, hurudi mapema.

Siku za hatari nizihesabuje?

Jina la ajabu hilo kwa mtu anayetafuta mtoto, lakini tumelizoea. Yai hutoka kama siku 14 *kabla* ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 ni karibu siku ya 14, mwenye wa siku 35 ni karibu siku ya 21. Yai huishi kama saa 24, mbegu huishi hadi siku tano. Kwa hiyo siku nzuri ni zile tano za kabla na siku yenyewe, na ute wa kuvutika kama wa yai bichi ni ishara kwamba mko ndani yake. Kama hesabu zinawachosha, ziacheni. Kila baada ya siku mbili, mwezi mzima, mtazipata tu. Kumpigia mume simu kazini "ni leo, njoo" kumevunja hamu ya wanaume wengi.

Matibabu ni yapi?

Yanafuata chanzo. Mwenye mayai yasiyopevuka na uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwaweza kurudisha hedhi bila dawa. Kisha kuna vidonge vya letrozoli au klomifeni, vinavyonywewa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, huku altrasaundi ikifuatilia yai. Tafadhali usinunue klomifeni dirishani kwa ushauri wa jirani. Kama mume hana mbegu, utakuwa unapevusha mayai ya bure, na kama mirija imejeruhiwa unaweza kutunga mimba nje ya kizazi.

Mbegu zikiwa pungufu kidogo, zinaweza kusafishwa maabara na kuwekwa moja kwa moja kwenye kizazi siku ya yai. Zikiwa chache mno, tangu 1992 wataalamu wanaweza kuchukua mbegu moja na kuichoma ndani ya yai moja. Mwanaume asiye na mbegu kwenye manii kwa sababu ya mziba anaweza kutolewa mbegu korodanini kwa sindano.

IVF ni nini hasa, na inapatikana kwetu?

Ni yai na mbegu kukutanishwa maabara. Mama huchomwa sindano za homoni kwa siku kumi hivi, mayai yanavutwa kwa sindano akiwa amelazwa usingizi mwepesi, yanarutubishwa, na baada ya siku tatu hadi tano kiinitete kinarudishwa kizazini. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Watu husahau kwamba mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Njia iligunduliwa kwa ajili ya tatizo lilelile linalojaza foleni zetu, halafu sisi ndio tuliochelewa kuipata. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004, Kenya 2006, na Tanzania nayo sasa ina vituo vinavyoifanya.

Gharama inakwenda kwa mamilioni ya shilingi kwa mzunguko mmoja, bima nyingi hazigusi, na mzunguko hauna ahadi. Hata Uingereza, mwanamke chini ya miaka 35 hujifungua kwa takriban theluthi ya viinitete vinavyopandikizwa. Akiwa na 40 hadi 42 ni kama kimoja kwa kumi. Kabla hamjauza kiwanja, ulizeni kituo: kwa wanawake wa umri wangu, wangapi walitoka na mtoto mkononi? Asiyejibu hilo kwa tarakimu, ageni.

Kuhusu dini: fatwa ya Al-Azhar ya 1980 iliikubali, kwa sharti kwamba mbegu na yai ni za mume na mke walio kwenye ndoa. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa Vatikani wa 1987, haliikubali. Zungumzeni na viongozi wenu mapema, siyo wiki ya sindano.

Mmoja wetu ana VVU.

Mnaweza kuzaa, na mtoto akawa salama. Anayemeza ARV vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Waambieni kliniki yenu ya CTC (ya huduma za VVU) *kabla* ya kuacha kondomu, mpangiwe.

Mama mkwe anasema nimefungwa, au nina jini mahaba.

Sitabishana na mama mkwe wa mtu. Ninachoomba ni kimoja: kama mnakwenda kusomewa au kuombewa, nendeni, lakini kipimo kisisubiri zamu yake. Dua hailali njaa kwa sababu umepimwa mbegu. Dawa za kunywa zisizojulikana ndizo ninazoziogopa, kwa figo na ini lako.

Vipimo vyote viko sawa na bado hatupati.

Hutokea kwa wanandoa wengi tu. Chanzo kipo, vipimo vya leo havijakifikia. Kama mke ni kijana na muda bado mfupi, kuendelea kujaribu kuna maana. Umri ukisogea, msikae.

Siku ya kwanza tuje na nini?

Tarehe za hedhi za miezi mitatu au minne, hata kama mmeandika nyuma ya daftari la mtoto wa dada. Vipimo na picha zote za zamani, pamoja na karatasi ya hospitali ya upasuaji wowote. Majina ya dawa mnazotumia, na za mitishamba pia, hatutawagombeza. Mume awe amekaa siku tatu bila kutoa manii, ili tusimrudishe. Na faili tunalofungua litakuwa na majina mawili. Kama amebaki kwenye gari nje, tunaye kijana wa mapokezi anayejua kwenda kumgongea kioo.